"Ni Wazi": Wazi kwa Nani?



Siku moja baada ya sala ya alasiri niliitwa katika nyumba moja ya mtaani petu nikasome barua. Barua hiyo ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa safi, ina mhuri na sahihi chini yake. Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, mjane, na nyumba yenyewe kaachiwa na marehemu mumewe. Mjukuu wake, aliye kidato cha tatu, alikuwa ameshaisoma barua na kuwafasiria watu wa nyumbani. Nilipopiga hodi na kukaribishwa, niliwakuta wote kimya kama wako matangani, na bibi ameishika tasbihi mkononi lakini haivuti.

Barua ilisema, kwa ufupi, kuwa ukuta wa uani umeingia katika kiwanja cha jirani, na kuwa yapasa ubomolewe. Lakini silo hilo lililowatisha. Madai ya mipaka ni mambo ya kila siku katika miji yetu. Lililowatisha ni namna dai lilivyosemwa. Katika barua ya ukurasa mmoja na nusu niliyahesabu maneno haya: "clearly" mara nne, "obviously" mara mbili, "undoubtedly" mara moja, na "certainly" mara moja. Kijana alikuwa ameyafasiri yote kwa uaminifu: ni wazi, ni dhahiri, bila shaka yoyote, kwa hakika. Bibi akaniambia: "Mwanangu, hawa washajua kila kitu. Sisi tuna lipi tena la kusema?"

Nilimuuliza kijana: "Kila baada ya hilo neno 'clearly' wameonyesha nini? Wametaja kipimo? Wametaja ramani, au hati, au tarehe?" Akaisoma barua tena tangu juu hata chini, kidole chake kikifuata mistari. Akasema: "Hapana, mwalimu. Hawakutaja kitu."

Bibi akainua kichwa, akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema: "Basi kama ni wazi, mbona hawakuonyesha?"

NENO NA MAHALI PAKE

Msomaji mpenzi, maneno haya ya Kiingereza tumeyapokea katika nyumba zetu kwa njia nyingi: watoto wayasoma shuleni, tunayapata katika barua za afisi, twayasikia katika hotuba na katika khabari. Ni maneno ya kuleta uwazi na uhakika. Makusudio yangu si kuwafundisha sarufi walioijua kabla yangu. Makusudio yangu ni kuyatazama maneno haya kama mtu atazamavyo bidhaa kabla ya kutoa fedha: yana uzito gani, na nani anayeyatumia kupunja.

Kazi ya kielezi, kama tulivyofunzwa, ni kueleza tendo lilivyotendeka. Mtu akisema kwa Kiingereza "He spoke clearly", ametuambia kuwa yule bwana alisema kwa matamko yaliyosikika, hakumung'unya maneno. Hapo neno "clearly" laeleza kule kusema. Lakini lichukue neno hilo hilo ulitoe mwisho uliweke mbele, "Clearly, he spoke", na maana yote imegeuka. Sasa maana yake ni: ni wazi kuwa alisema. Neno halielezi tena tendo la yule aliyesema. Laeleza rai ya huyu anayetupa khabari.

Nasi katika Kiswahili twafanya vivyo hivyo. "Alisema wazi" si sawa na "Ni wazi kuwa alisema". Usemi wa kwanza ni ushahidi, na mtu aliyekuwapo aweza kuukubali au kuukanusha. Usemi wa pili ni hukumu, tena ni hukumu isiyotaja hakimu. Nani aliyeona kuwa ni wazi? Wapi? Kwa taa gani? Hayo hayasemwi. Neno limejiweka mbele ya jumla kama bawabu mlangoni, na kazi yake ni kukuzuia usiingie ndani kutazama.

Kwa asili yake maneno haya ni mazuri mno. Lile "evident" limetoka katika tendo la Kilatini la kuona. "Obvious" maana yake ya kwanza ni kitu kilicho njiani, unachokutana nacho uso kwa uso bila ya kukitafuta. Na "certain", ambalo ndilo linalozaa "certainly", asili yake ni tendo la kupepeta na kutenga. Kila mama wa nyumba aijua kazi hiyo: waushika ungo, warusha mchele, makapi yaondoka, mawe yaokotwa moja moja, na kinachobaki ndicho cha kutiwa chunguni. Basi mwenye haki ya kusema "certainly" ni yule aliyekwisha kupepeta.

Lakini litazame "sure", linalozaa "surely". Hili asili yake ni mtu asiye na wasiwasi, aliyetulia moyo. Na hapa, ndugu msomaji, pana tofauti kubwa. Mmoja ametulia kwa kuwa amepepeta. Mwengine ametulia kwa kuwa hajapata kujisumbua kupepeta. Wote wawili wakisema, sauti zao ni moja. Wewe msikilizaji ndiye utakayelauka usiku na mawe ya mchele katika meno.

MANENO YALIYOCHAKAA

Kisha kuna khatari ya pili, nayo yawapata khasa wafasiri na wanafunzi. Maneno ya uhakika hutumiwa sana, na kitu kitumiwacho sana huchakaa. Sarafu ikipita mikono mingi hufutika maandishi yake.

Chukua "surely". Mwanafunzi aliyefunzwa kuwa maana yake ni "kwa hakika" atashangaa akimsikia Mwingereza akiitumia. Maana leo, aghalabu, anayesema hivyo hana hakika; anaomba akubaliwe. "Surely you are not going?" si kusema kwa hakika huendi. Ni kusema: hivi kweli waenda? Ndani yake mna mshangao, na ombi, na pengine khofu kidogo.

Chukua "no doubt". Neno kwa neno ni "hapana shaka". Lakini "No doubt he will come" haina nguvu hiyo. Msemaji adhani tu kuwa atakuja, wala hataapa. Ukitaka nguvu ya kweli huna budi kusema "without doubt" au "undoubtedly". Kwa hivyo maneno mawili ambayo kwetu yote ni "bila shaka", kwao moja ni dhana na jengine ni yakini. Mfasiri asiyejua hilo atamtia mtu katika ahadi ambayo hakuitoa.

Chukua "apparently". Zamani lilikuwa na maana ya kitu kinachoonekana waziwazi. Leo maana yake ni "yaonekana", au "yasemekana", na mara nyingi msemaji ajiweka mbali na khabari yenyewe. Neno lililokuwa shahidi limekuwa mpita njia aliyesikia fununu.

Na "I am sure", nina hakika, mara ngapi huja mbele ya neno "lakini"? "I am sure he is a good man, but..." Ukisikia mwanzo huo, jua sifa imetangulizwa ili lawama ipate pa kukanyaga.

Liko na "of course", ambalo vijana wetu walipenda sana. Mtu akiomba ruhusa, "Naweza kukaa hapa?", jibu la "of course" ni ukarimu; ni sawa na kusema karibu, hata huhitaji kuuliza. Lakini mtu akiuliza asichokijua, "Leo ni Alkhamisi?", jibu hilo hilo huwa dharau, maana ndani yake mna swali: kwani wewe hujui? Neno ni moja; kwa anayeomba ni heshima, kwa anayeuliza ni kumtweza. Mzazi asiyejua Kiingereza huenda asijue mwanawe amemjibuje, lakini sauti ataisikia.

KISA CHA BAHARIA WA SALEM

Mtu asidhani kuwa kosa hili ni la wajinga tu. Wanavyuoni wakubwa wamo.

Katika mji wa Salem, jimbo la Massachusetts huko Marekani, alizaliwa mwaka 1773 mtu aliyeitwa Nathaniel Bowditch. Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kulijua jina la mji huo. Merikebu za Salem zilikuwa zikija Unguja kununua pembe na sandarusi, na nguo walizokuwa wakituletea twaziita merikani hata leo. Balozi wa Marekani aliyekuja kukaa Unguja mwaka 1837 alikuwa mtu wa Salem.

Bowditch aliacha shule akiwa na miaka 10 ili amsaidie baba yake kazi. Hesabu alijifunza mwenyewe. Alisafiri baharini, na katika safari hizo alikipitia kitabu kilichokuwa kikitegemewa na mabaharia wa Kiingereza, akakuta humo makosa ya hesabu kwa maelfu. Kosa la hesabu likiwa shuleni hupata alama nyekundu. Likiwa baharini hupata mwamba. Mwaka 1802 akatoa kitabu chake mwenyewe cha kuongozea vyombo, na manahodha wakakitumia miaka na miaka.

Mtu huyu baadaye alifasiri kwa Kiingereza kitabu kikubwa cha Laplace, mwanachuoni wa Kifaransa, juu ya mwendo wa sayari na nyota. Tafsiri yake ilitoka kwa majalada manne baina ya 1829 na 1839, na la mwisho lilitoka mwenyewe keshakufa. Yasimuliwa kuwa alisema hivi: kila alipokutana na mahali ambapo Laplace amesema kuwa jambo fulani laonekana waziwazi, alijua kuwa ana kazi ya masaa mengi mbele yake, kulijaza shimo lililorukwa na kuonyesha huo uwazi u wapi. Naye alilijaza. Maelezo yake yalikifanya kitabu kuwa kirefu zaidi ya maradufu.

Zingatia, msomaji. Laplace hakuwa mwongo. Jambo lilikuwa wazi kwake. Lakini uwazi haumo katika jambo peke yake. Umo baina ya jambo na anayelitazama. Mlango ulio wazi kwa aliye ndani huenda umefungwa kwa aliye barazani. Na ubaya wa neno hili ni kuwa humtia msomaji haya. Akishaambiwa kuwa jambo ni wazi, nani atakayethubutu kusema "mimi sioni"? Wengi hunyamaza, wakaitikia kwa kichwa, wakaondoka hawakuelewa. Bowditch hakuona haya. Aliketi akatafuta, na waliomfuata wakapata faida.

Katika zama zetu hizi mwanafalsafa wa Kimarekani Daniel Dennett, katika kitabu alichokitoa mwaka 2013, aliwausia wasomaji wake kuwa wakikuta neno "surely" katika hoja, wasimame hapo. Kwake yeye neno hilo ni kama taa inayowaka na kuzimika kuonyesha pahala ambapo hoja ni dhaifu. Hakusema kuwa kila mara ni hivyo. Alisema ni mara nyingi. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Jambo ambalo kila mtu alijua halihitaji kusindikizwa na neno hilo, na jambo lenye ushahidi huletewa ushahidi wake. Linalobaki ni lile ambalo mwandishi atamani likubaliwe bila ya kuulizwa.

Wazee wetu walikwisha kusema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MAHAKAMANI NA VITANI

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Kimarekani, Lance Long na William Christensen, walitoa utafiti juu ya maandiko ya mawakili katika kesi za rufani. Waliyahesabu maneno ya kutilia nguvu, kama "clearly" na "obviously", wakayalinganisha na matokeo ya kesi. Waliona kuwa wakata rufani waliozidisha maneno hayo, aghalabu ndio walioshindwa. Hii haina maana kuwa neno lenyewe ndilo limshindishalo mtu, kana kwamba lina hirizi. Huenda ni kinyume chake: aliye na kesi dhaifu ndiye anayehitaji kelele. Lakini kwa vyovyote vile, hakimu mwenye kusoma maandiko mengi hujifunza kuwa penye "ni wazi" nyingi patafutwe kilichofichwa.

Mahakamani fedha hupotea, na uhuru wa mtu. Lakini kuna mahali ambapo maneno haya hugharimu roho, nasi tumeyaona katika umri wetu.

Tarehe 26 Agosti 2002 Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alisimama mbele ya askari wa zamani mjini Nashville akasema kuwa hapana shaka Saddam Hussein ana silaha za maangamizi. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo Serikali ya Uingereza ikatoa kitabu juu ya silaha za Iraq. Katika dibaji, Tony Blair aliyekuwa Waziri Mkuu aliandika kuwa anachoamini ni kwamba khabari za upelelezi zimethibitisha, "beyond doubt", kupita shaka yoyote, kuwa Iraq yaendelea kutengeneza silaha za kemikali na za vijidudu.

Itazame jumla hiyo kama fundi wa dhahabu atazamavyo pete. Mwanzo wake mna "naamini". Mwisho wake mna "kupita shaka". Viwili hivi havikai chungu kimoja. Kilichothibiti kupita shaka hakingoji kuaminiwa na fulani. Na kinachongoja kuaminiwa na fulani bado hakijapita shaka. Mwandishi ameuweka mguu mmoja nchi kavu na mmoja chomboni, ili chombo kikizama aseme: mimi niliamini tu. Lakini aliyeisoma jumla ile gazetini, au kuisikia redioni, hakubaki na "naamini". Alibaki na "kupita shaka".

Na wenye kazi ya upelelezi walisemaje? Mwezi wa Machi 2002 kamati ya upelelezi ya Uingereza ilikuwa imeiandikia Serikali yake kuwa khabari juu ya silaha hizo ni za hapa na pale, vipande vipande. Basi safari ya khabari ilikuwa hivi: iliondoka bandarini ikiwa vipande vipande, ikafika kwa watu ikiwa "kupita shaka". Njiani hapakupatikana ushahidi wa kuijaza tofauti hiyo. Palipatikana vielezi.

Tarehe 20 Machi 2003 vita vikaanza. Mwaka 2004 wakaguzi waliotumwa na Marekani yenyewe kuzitafuta silaha hizo walieleza kuwa hawakukuta akiba yake. Na tarehe 6 Julai 2016 tume ya Uingereza iliyoongozwa na Sir John Chilcot ilitoa ripoti yake, na katika jumla ya iliyoyasema ni kuwa hukumu juu ya silaha zile zilitolewa kwa uhakika usiostahiki. Hawakusema tu kuwa khabari zilikuwa na makosa. Walisema kuwa ule uhakika wenyewe ulikuwa kosa. Miaka 13 ilikuwa imepita. Maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwamo wanawake na watoto wasiojua hata herufi moja ya Kiingereza, walikuwa washazikwa.

Mtu asiniambie tena kuwa kielezi ni neno dogo.

JE, TUSIWE NA HAKIKA YA KITU?

Najua atatokea msomaji wa kuniuliza: Bwana, wataka tuwe watu wa shaka? Tusiseme lolote ila "huenda" na "labda"?

La. Hilo nalo ni ugonjwa, tena una khatari yake. Mwaka 1951 wapelelezi wa Marekani waliandika kuwa shambulio juu ya Yugoslavia ni jambo lenye "uwezekano mkubwa wa kutiliwa maanani". Sherman Kent, mkubwa katika kazi hiyo, alipowauliza wenziwe waliokubaliana juu ya maneno hayo kila mmoja alikusudia nini, aliona ajabu: mmoja alikusudia 20 katika 100, mwengine 80 katika 100. Wote walikuwa wametia mkono wao katika karatasi moja. Kent aliyaandika haya mwaka 1964, akataka kila neno la dhana lipewe kipimo chake. Basi neno la shaka lisilo na mizani hupoteza watu kama neno la yakini lisilo na mizani.

Na neno la yakini lina mahali pake pa haki. Huko Uingereza hakimu huwaambia wazee wa baraza wasimtie mtu hatiani mpaka wawe "sure" kuwa ametenda. Ni lile lile "sure" tuliloliona limechakaa sokoni. Lakini hapo lina uzito wa risasi, kwa sababu limekuja mwisho, baada ya mashahidi kusikilizwa na kuhojiwa pande mbili. Limekuja baada ya ungo. Kadhalika muungwana anayebishana husema "certainly" kumpa mpinzani wake haki yake: ni kweli kabisa kuwa nusu ya deni umelipa, ila nusu imebaki. Huo si ulaghai, ni insafu.

Sisi katika mafunzo ya dini tumelelewa kuzitenga daraja hizi: yakini, dhana, na shaka. Mtoto wa chuoni hufunzwa kuwa aliye na yakini ya udhu wake, kisha ikamjia shaka, udhu wake u pale pale. Yakini haiondolewi kwa shaka. Yakini ni kitu kizito kiasi hicho. Basi kitu kizito hivyo yafaa tukimwage ovyo katika kila jumla, kama maji ya kunawia? Na wanavyuoni wetu, baada ya kurasa za dalili, walikhitimisha kwa "Wallahu aalam". Mwenye elimu ndiye aliyejua mpaka wake.

NA LUGHA YETU JE?

Kiswahili cha mazungumzo, kama tulivyokirithi, chapenda kuitaja njia ya khabari. "Nimeona kwa macho yangu." "Nimesikia." "Kaniambia fulani." "Nadhani." "Wasema watu, wala sijui." Msikilizaji hupewa khabari pamoja na njia iliyopitia, kisha akaipima mwenyewe.

Leo tumeanza kuiacha ada hii. Fungua gazeti uone mara ngapi makala huanza kwa "ni dhahiri shahiri kwamba", na nyuma yake hamna la dhahiri wala la kificho. Wasikilize vijana wakibishana: "obviously" imetiwa katikati ya Kiswahili kama kijiti katika tundu la ufunguo, na "kiukweli" yatangulia kila jumla, mpaka mtu ajiuliza, je, jumla zisizotanguliwa nalo zilikuwa za nini? Tumechukua kutoka kwa Kiingereza kile kilichochakaa, na tumekiacha kile kilicho bora, nacho ni ile desturi ya waandishi wao wazuri ya kuweka dalili mbele na hukumu nyuma.

Kwa hivyo nawapa wasomaji, khasa wazazi wenye watoto wanaosoma, mizani nne za kupimia.

Kwanza: lifute neno, kisha isome jumla. "Clearly the wall is on our land" ikiondolewa "clearly" hubaki "ukuta umo katika ardhi yetu". Je, kimepungua kitu? Kama hakikupungua, neno lilikuwa pambo. Na kama jumla bila ya neno hilo yaonekana uchi, basi neno lilikuwa nguo ya kuufunika utupu wake.

Pili: uliza, wazi kwa nani? Mwandishi ataje aliyeona na alichokiona.

Tatu: tazama dalili iko wapi. Ikiwa imetangulia, neno la yakini ni tunda lake. Ikiwa haikutangulia wala haikufuata, neno ni mti usio na mizizi.

Nne: usimruhusu mtu, wala usijiruhusu nafsi yako, kulitumia neno hili juu ya yaliyomo nyoyoni mwa watu. "Obviously he did it out of envy", ni dhahiri kuwa alifanya kwa husuda. Dhahiri wapi? Moyo wa mtu haukupata kuwa dhahiri kwa jirani. Nyumba ngapi zimevunjika, na ndugu wangapi hawasalimiani, kwa "ni wazi kuwa" moja iliyosemwa barazani?

KHATIMA

Narejea kwenye barua. Jioni ile tuliketi, mimi na kijana, tukaandika jibu la Kiingereza la ukurasa mmoja. Kijana alianza kwa "It is obviously untrue". Nilimtazama, akacheka, akaifuta mwenyewe. Tuliitaja hati ya nyumba na tarehe yake. Tulikitaja kipimo cha kiwanja kama kilivyoandikwa katika hati, kona hadi kona. Tukaomba, kwa adabu, tuonyeshwe ramani wanayoitegemea. Katika jibu lote hamkuwa na neno moja la yakini.

Jibu lao lilikuja baada ya majuma matatu. Lilikuwa na mistari mitatu tu, na "clearly" zote nne zilikuwa zimekwenda zao. Waomba wapewe siku waje wapime.

Kijana alipomfasiria bibi yake, alisema: "Waambie karibuni. Kupima ndiko." Akaendelea na tasbihi yake.

Ninapoyaandika haya, kipimo bado hakijafanywa. Huenda ukuta umeingia, huenda haukuingia. Mimi si mpimaji, na sikuiona ramani, wala sitakuambia, ndugu msomaji, kuwa ni wazi.